Cherehani Iliyoombewa

Iwe taarifa kwa walio karibu na walio mbali, wenye masikio na wenye kuyaziba: siku ya Ijumaa, saa nane na dakika kumi mchana, Askofu aliwasili nyumbani kwa mapumziko ya mwisho wa muhula.

Hakukuwa na kwaya. Hakukuwa na zulia. Kulikuwa na sanduku la bati lililofungwa kwa kamba ya kuanikia nguo, na kulikuwa na Askofu mwenyewe, umri miaka kumi na sita, ndala miguuni na kiatu kimoja mkononi. Kiatu cha pili kilibaki juu ya paa la bweni, na namna kilivyofika huko si habari ya leo.

Uaskofu aliupata shuleni. Wenzake walipogundua kwamba baba yake ni mchungaji, walimsimika kabla hajamaliza kutandika kitanda namba kumi na moja: taulo mabegani, ufagio mkononi badala ya fimbo. Aliupokea utumishi huo kwa unyenyekevu mkubwa. Alibariki maharage yenye wadudu. Aliwasamehe dhambi wa kidato cha kwanza kwa malipo ya biskuti. Siku moja aliendesha mazishi ya soksi kwa dakika ishirini, mpaka mwalimu wa zamu aliyekuwa amesimama nyuma yake akaitikia "Amina."

Nyumbani hakuwa askofu wa mtu yeyote. Nyumbani alikuwa mfano.

Hili linahitaji maelezo. Baba yake alihubiri kila Jumapili, na kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana aliketi kwenye meza ya kulia na Biblia, kalamu nyekundu na migongo ya kalenda za miaka iliyopita, kwa maana hakupenda kutupa karatasi yenye upande mmoja mzima. Hoja zake tatu zilikuja upesi. Kilichomtoa jasho ni mfano. "Watu huziacha hoja kanisani," alikuwa akisema, "lakini mfano huondoka nao." Na kwa kuwa mchungaji mwenye wagonjwa, wafiwa na wachumba wa kuwasikiliza hana muda wa kutafuta mifano mbali, aliiokota ilipokuwa karibu: chini ya meza yake mwenyewe.

Askofu alipokuwa na miaka mitano alilamba sukari kabatini, na kanisa zima likafundishwa habari ya dhambi za siri. Alipokuwa na miaka minane alikojoa kitandani ugenini, na mwenye nyumba akaligeuza godoro bila kusema neno. Hayo yakawa mahubiri ya rehema, watu wakalia machozi. Yalikuwa mahubiri mazuri kweli. Miaka minne baadaye mama mmoja alimshika shavu dukani, mbele ya foleni nzima, akamwuliza kwa upendo, "Wewe ndiye wa godoro?" Jioni ile ile Askofu aliomba apelekwe shule ya bweni.

Alipoondoka, zamu ilimwangukia mdogo wake.

Mdogo wake aliitwa Nukta, kwa sababu alizaliwa kabla ya wakati wake, na mkunga alipomwinua alisema, "Mama mchungaji, hii ni nukta tu." Sasa alikuwa na miaka saba na bado hakuwa amefika mbali na jina lake. Askofu alikuwa na ngozi ya kiboko, neno liligonga likarudi. Nukta maneno yalimwingia yote. Baba akihubiri kwamba Mungu anajua idadi ya nywele za kichwa, Jumatatu Nukta anakutwa mbele ya kioo na kitana, anahesabu ili wapatane.

Na kulikuwa na Mama. Mama alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, ukuta mmoja na meza ya Baba. Ikilia, nyumba ina amani. Ikinyamaza ghafla, Mama anasikiliza.

Ijumaa ile Mama alikwenda kununua nyuzi, na Askofu akaona ni wakati mwafaka wa kushona mkanda wa begi lake la turubai. Turubai ni turubai. Akakanyaga, sindano ikapiga kelele moja ikakatika. Akatafuta ncha yake, hakuiona. Akachukua sindano nyingine kwenye kopo, akaifunga mahali pake, akatoka nje akipiga mluzi wa wimbo wa toba.

Mama aliporudi akaketi, akakanyaga, cherehani ikasema krr, ikagoma. Mezani palikuwa na majoho kumi na mawili ya kwaya, matano yamekwisha, saba bado, na kwaya ilikuwa iyavae Jumapili. Fundi wa mashine akasema njooni Jumatatu. Mama aliyakunja yale saba akayaweka juu ya kiti, akayatazama kama mtu anayetazama watoto waliofukuzwa shule.

Asubuhi ya Jumamosi, kwenye chai, Baba alimwambia Nukta aombe.

"Mungu," akasema Nukta, macho yamebanwa mpaka yana makunyanzi, "ponya cherehani ya Mama, maana majoho bado saba. Na Mama amechoka lakini hasemi. Amina."

Askofu aliitikia amina ndani ya kikombe ili asicheke.

Baadaye, Mama akiwa jikoni na Baba ametoka kumwona mgonjwa, Askofu alichukua bisibisi, akafungua bamba la chini ambako bobini ya uzi hukaa, akachokonoa na kibano. Ncha ya sindano ikatoka, ndogo kama punje. Akaifunga kwenye kipande cha karatasi, akaitia kwenye mkebe wake wa hesabu, kati ya kifutio na bikari. Kwa nini aliihifadhi, hakuna ajuaye. Wezi nao huhifadhi vitu.

Angeweza kumwambia Mama imepona, basi. Lakini hapo shetani, au tuseme ucheshi, kwa maana wanafanana kwa nyuma, ulimgusa bega.

"Nukta! Njoo hapa. Ulipoomba asubuhi, uliweka mkono?"

"Mkono wapi?"

"Juu ya mgonjwa! Wewe mtoto wa mchungaji gani? Baba akiombea mtu anaweka mkono au anakaa mezani anakunywa chai?"

Nukta akafikiri. "Anaweka mkono."

"Haya. Mgonjwa huyo hapo."

Nukta akauweka mkono wake juu ya kichwa cha cherehani. Akaomba kimya, midomo ikicheza. Akaomba muda mrefu kuliko Askofu alivyotazamia, mpaka Askofu akaanza kuona aibu kidogo na kukohoa.

"Sasa kanyaga."

Mguu wa Nukta haukufika vizuri; ilibidi asimame. Akakanyaga. Cherehani ikalia trrrrr, safi kama mvua juu ya bati.

Na ieleweke kwamba mpango ulikuwa kumwambia. Baada ya dakika tano. Wangecheka, Nukta angempiga ngumi za tumboni, mambo yangekwisha. Lakini Nukta aliutoa mkono wake akautazama kiganja. Hakuruka wala kupiga kelele. Alikitazama kiganja kama mtu aliyeonyeshwa chumba ndani ya nyumba yake ambacho hakujua kipo. Kisha akakimbilia jikoni, na Mama akaja, akakanyaga, akaketi pale pale, akamkumbatia mtoto huku machozi yakimtoka, kwa sababu ya majoho saba na usingizi wa siku mbili. Zile dakika tano zikapita. Mtu aliyekosa mlango haingii tena kwa urahisi dirishani.

Saa kumi jioni Baba alikuwa mezani. Hoja ya kwanza, hoja ya pili, kisha nafasi tupu. Kalamu nyekundu ilikuwa mdomoni.

"Baba," akasema Askofu, "umesikia habari ya cherehani?"

Akasimulia. Hakusema uongo mwingi. Aliuvika tu ukweli joho.

"Uliona mwenyewe?" akauliza Baba.

"Kwa macho yangu haya."

"Hakuna fundi aliyeigusa?"

"Fundi? Baba, aliyeigusa ni Nukta."

Kalamu ikatoka mdomoni. Baba akaandika, akainua kichwa, akamtazama mwanawe wa kwanza kama mtu aliyekumbuka alikoweka miwani. "Vuta kiti," akasema. "Nieleze tena, polepole. Alisema maneno gani?" Askofu akavuta kiti. Mkate ulikuwa bado mezani, na si busara kuuacha mkate peke yake; kwa hiyo akakaa mpaka chai ya Baba ikapoa, wakazungumza habari za Nukta, kisha za shule, kisha za mambo mengine.

Jumapili kwaya iliimba ndani ya majoho kumi na mawili. Baba alihubiri juu ya mkono mdogo. Alipofika kwenye cherehani alinyoosha kidole kwenye kwaya: "Ushahidi huo hapo, umevaliwa!" Kanisa likalipuka. Nukta akasimamishwa juu ya benchi ili wa nyuma wamwone. Askofu, aliyeketi kando yake, alilazimika kuinamisha kichwa kwa heshima, akauma kidole gumba.

Baada ya ibada walianza kuja. Mwenye simu iliyokufa. Mwenye goti. Mwanafunzi wa mtihani wa hesabu. Nukta aliweka mkono, akaomba, akaenda kwa anayefuata bila kutabasamu. Watoto wenzake walimtania uani, "Nukta, niombee baiskeli! Weka mkono hapa, mfukoni!" Alikuwa ameanza kunawa mikono mara nyingi.

Jumatatu alikuja seremala.

Seremala huyu alikuwa mume wa mwalimu wa Shule ya Jumapili, yule aliyemfundisha Nukta kusoma kwa kuchora herufi zenye miguu na kofia. Mwalimu alikuwa mgonjwa kwa miezi. Uvimbe tumboni, na baada ya kusubiri sana alikuwa amepata kitanda hospitalini. Upasuaji ulipangwa Jumatano.

"Mchungaji," akasema seremala akiwa bado mlangoni, vumbi la mbao kwenye nyusi, "nimekuja kumwomba mtoto."

Nyuma ya ukuta cherehani ikanyamaza.

"Kwa maombi hatumnyimi mtu," akasema Baba.

Mama akatokea na futi ya kupimia shingoni. "Aende akamsalimie mwalimu wake, ni vizuri. Lakini kitanda cha hospitali kiko pale pale, shemeji. Au sivyo?"

"Kipo, mama mchungaji. Kipo."

Askofu ndiye aliyempeleka. Chumba cha mwalimu kilikuwa na dirisha moja na kabati ambalo mumewe alilitengeneza likawa refu kuliko mlango, hivyo lilizaliwa humo humo ndani na humo litakufa. Mwalimu alikuwa amekonda. Nukta akaweka mkono juu ya blanketi.

"Mkono wako baridi," akasema mwalimu. "Umekula?"

Siku ya pili wakaenda tena. Mwalimu akasema leo anajisikia mwepesi. Seremala akampeleka Askofu pembeni, akamshika mkono kwa nguvu. "Umesikia? Mwepesi!" Na Askofu, mtu wa maneno, akalitazama kabati.

Jumatano seremala hakumpeleka mkewe hospitali. Alisema kisu cha nini, wakati mkono umekwishaanza kazi. Kitanda akapewa mtu mwingine. Habari hiyo ilifika kwa mchungaji Alhamisi, pamoja na nyingine: usiku kucha mwalimu alitapika.

Baba alikwenda mara moja, akarudi. Kisha akasema wazidi kuomba, na kwamba Jumapili Nukta atasimama mbele na kanisa lote litaomba pamoja naye. Mama akasema, "Kanisa lote liombe. Mtoto aketi." Baba akasema, "Tutaona." Ndivyo husema akiwa ameshaona.

Nukta aliacha kula. Haikuwa kwa vishindo. Alisema tu ameshiba. Alikuwa amemsikia Baba akisema kwamba mambo mengine hayatoki ila kwa kufunga, na maneno, kama tulivyosema, yalimwingia yote.

Ijumaa mchana Askofu alimkuta kitandani akiandika, karatasi juu ya goti. Akanyemelea nyuma. Herufi zilikuwa zile zile za mwalimu, zenye miguu.

DHAMBI ZANGU
Nilicheka mzee wa kanisa alipolala akaamka akapiga makofi.
Jumamosi asubuhi nilikula kipande cha mwisho cha mkate nikasema sijui.
Nilitamani baiskeli.
Nilihesabu nywele nikachoka nikadanganya.

"Hii nini, mashtaka?" akauliza Askofu. "Hapa utafungwa miaka mingi."

Nukta hakucheka. "Kuna moja inazuia," akasema. "Cherehani ilipona kwa sababu nilikuwa sijafanya kitu. Sasa nimefanya kitu na sijui ni kipi. Kaka, wewe umesoma. Ni ipi kati ya hizi?"

Askofu alikuwa na utani wa kila namna: wa walimu, wa wapishi, wa maiti ya soksi. Aliutafuta wa kufaa hapo, akarudi mikono mitupu. Akasema anakwenda kuchota maji. Alisimama bombani mpaka ndoo ikajaa ikamwagika, ikaendelea kumwagika.

Aliporudi, Nukta alikuwa amekaa sakafuni, mkebe wa hesabu umefunguliwa miguuni pake. Alikuwa akitafuta rula, apige mstari kati ya dhambi na dhambi.

Juu ya kiganja chake, kiganja kile kile, palikuwa na karatasi iliyofunguliwa na ncha ya sindano.

Mtoto wa fundi cherehani humdanganyi kuhusu sindano. "Hii ni namba kumi na sita," akasema. "Ya Mama. Ina uzi wa begi lako." Na kweli, unywele mmoja wa uzi wa buluu ulikuwa bado tunduni, kwa maana sindano ya cherehani tundu lake liko nchani.

Askofu angeweza. Aliziona njia tatu za kutokea, zote safi. Lakini tumbo la mdogo wake likanguruma, sauti ndogo ya njaa, na zote tatu zikafunga.

"Ilikuwa ndani ya cherehani," akasema. "Niliivunja mimi. Nikaitoa mimi. Kabla sijakuita."

"Kabla sijaweka mkono?"

"Kabla."

Nukta akaifunga tena ile ncha kwa uangalifu, kona kwa kona. "Kwa hiyo Mungu hakunisikia."

"Sijui."

"Baba alisema amenisikia."

"Baba nilimwambia mimi."

"Na mwalimu?"

Askofu akafunika mkebe. Nukta akasimama. Hakulia, na ingekuwa afadhali alie. "Twende ukamwambie Baba," akasema. "Uende mbele."

Baba alikuwa ametoka na hakurudi mpaka Nukta amelala. Kwa hiyo ilikuwa Jumamosi, mezani, kalamu nyekundu, mgongo wa kalenda. Juu ya karatasi kulikuwa kumeandikwa: Mkono Mdogo, Sehemu ya Pili. Nukta aliweka kikaratasi juu ya Biblia, akarudi nyuma hatua moja. Askofu akasema yote. Safari hii hakuvika kitu joho, na ilichukua dakika mbili tu. Ni ajabu jinsi ukweli ulivyo mfupi.

Cherehani ilinyamaza kwenye sentensi ya pili.

Baba aliishika ile ncha kwa vidole viwili. "Nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza kama kuna fundi aliyeigusa."

"Ndiyo, Baba."

"Mwalimu amepoteza kitanda!" Sauti ilipanda mpaka vikombe vikasikia. "Unajua maana yake? Umecheza na jina la—"

"Na wewe uliuliza mara ngapi?" Mama alikuwa amesimama mlangoni. Hakupandisha sauti, mtu anayekata vitambaa hana haja ya kupiga kelele. "Mara moja. Saa kumi jioni, karatasi tupu. Ungeambiwa mbuzi amehubiri ungeandika. Miaka kumi na sita, baba watoto. Mimi nawazaa, wewe unawapika unawapakua kwa watu. Huyu alitukimbia kwa sababu ya godoro. Na huyu, mtazame. Mtazame shingo."

Baba akamtazama Nukta. Alimtazama muda mrefu. Mtu anayetazama watoto akitafuta mifano haoni shingo zao.

"Tangu lini hajala?" akauliza.

"Tangu jana kutwa," akasema Mama. "Anafunga. Umemfundisha vizuri."

Baba akaitoa miwani akaiweka juu ya Sehemu ya Pili. Akasema, "Vaeni viatu." Na Askofu, mwenye kiatu kimoja, akavaa ndala.

Kwa seremala randa ilikuwa imelala juu ya ubao. Baba hakuketi. "Ndugu yangu, nilihubiri jambo nisilolichunguza," akasema. "Cherehani haikupona. Ilitengenezwa."

Seremala akawatazama mmoja mmoja. "Mimi nilirudisha kitanda, Mchungaji. Kwa neno lako. Si la mtoto. Lako."

"Najua."

"Hujui. Wewe ulirudi nyumbani ukalala. Mimi nilishika beseni."

Baba akainamisha kichwa, na Askofu, ambaye maisha yake yote alitamani kumwona baba yake akiishiwa maneno, aligundua kwamba si jambo zuri kulitazama.

Kutoka kitandani mwalimu akauliza, "Nani aliitoa hiyo sindano?"

"Mimi, mwalimu."

"Njoo karibu. Nilikufundisha na wewe. Wewe ndiye uliyekuwa ukiuliza kama Nuhu alibeba na viroboto, ili wenzako wacheke."

"Ndiyo, mwalimu."

"Nilikuwa nacheka pia, nikigeukia ubaoni." Akapumua. "Leo sijacheka."

Mwalimu alikuwa ameshageuza kichwa upande wa Nukta. "Na wewe, umekula?"

"Bado."

"Bado nini, na jua limeshakwenda hivi? Mume wangu, mkatie mtoto mkate."

Seremala alikunja ngumi, akazikunjua. Kisha akaenda akakata mkate, kipande kinene na kilichopinda, kazi mbaya kwa seremala. Nukta akala ukingoni mwa kitanda, mikono yote miwili imeshika mkate, haikushika kitu kingine.

Jumapili kanisa lilijaa, kwa sababu lilisikia kuna sehemu ya pili. Askofu aliketi benchi la mbele, masikio yanawaka. Alijua kinachokuja. Hakuna mhubiri duniani aliyewahi kupewa mfano kama huo: mwana mwongo, ndugu mdogo mwenye njaa, sindano. Ulikuwa umepikwa, umepakuliwa.

Baba alipanda mimbarini bila karatasi. "Wiki iliyopita niliwaambia habari ambayo haikuwa kweli," akasema. "Nilikuwa na haraka ya mfano. Kosa ni langu. Mtoto asiombwe tena kuweka mkono juu ya mtu yeyote. Mwacheni awe mtoto. Mwalimu wetu anahitaji kitanda hospitalini, na kesho mimi na mumewe tutakwenda kukitafuta. Leo sina mfano." Akasoma zaburi, akashuka. Hakumtaja mwana. Hakutazama hata benchi la mbele.

Nje mzee mmoja wa kanisa alilalamika kwamba mahubiri yalikuwa makavu. Kitanda kilipatikana, lakini cha wiki tatu mbele. Na mezani, Baba alipomwambia Nukta aombee chakula, Nukta alisema, "Aombe mwingine." Akaomba mwingine. Siku iliyofuata hivyo hivyo, na iliyofuata. Askofu alirudi shuleni na viatu vipya bila kumsikia akiomba.

Hapo ndipo habari hii ilipaswa kuishia. Iliandikwa kwa mwandiko mzuri kwenye daftari la maabara, ikatumwa nyumbani kwa Nukta, ili aone kwamba safari hii hakuna kilichovikwa joho. Imerudi jana. Pembezoni pana penseli, herufi zenye miguu:

*Kaka, mbona unasema Askofu Askofu, si ni wewe? Halafu mkate haukuwepo mezani jioni ile. Uliisha asubuhi. Mimi ndiye niliyekula cha mwisho, soma orodha. Mwalimu amelazwa leo. Mama anasema utauliza kama nimeanza kuomba kwa sauti. Bado.*

Basi. Nimekamatwa na mtoto wa miaka saba, mwenye ushahidi.

Kitanda namba kumi na moja ni changu. Na mkate haukuwepo. Palikuwa na meza, karatasi, na Baba ambaye tangu nilipoondoka hakuwa na cha kuandika juu yangu. Aliposema vuta kiti, nilivuta.